Siku Niliyompima Mzee wa Mulot kwa Mizani ya Majani

Sina haja ya kuizungukazunguka hii habari, maana wengi wenu mmeisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza chake, mpaka nimesikia moja kule sokoni Kapsoit ambayo ndani yake mzee alikuwa amefungwa kamba mikono na miguu. Hakufungwa kamba. Alikuwa ndani ya gunia, aliingia kwa hiari yake, na mimi ndiye niliyemshika mkono akipanda mezani. Nimeona aibu nyingi (niliwahi kusoma Injili kanisani zipu ikiwa wazi tangu mwanzo mpaka amina, na mchungaji akaniona na akaniacha niendelee), lakini ile ya gunia ndiyo inayonisumbua hadi leo. Kwa kuwa leo lori limechelewa tena na mmeniuliza, nitaisema yote, halafu mtu asiniulize tena.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mimi nina miaka ishirini na saba, sina mke, nina ekari moja na nusu ya chai aliyoniachia baba. Kituo chetu cha majani kilikuwa hapahapa, isipokuwa banda lilikuwa na mabati matatu pungufu na mizani ilikuwa ile ya zamani ya kuning'inia, yenye uso wa mviringo na mshale, chini yake ndoano. Unachuna asubuhi, unafikisha majani saa nane, halafu unangoja lori la kiwanda, ambalo linaweza kuja saa tisa, au saa kumi na moja, au likakwama kwenye matope na usilione kabisa. Vituo vingine watu walingoja wakicheza drafti au wakisema siasa. Sisi tulikuwa tunapiganisha.

Kupiganisha ni hivi: unachukua mabondia wawili ambao hawangeweza kukutana hata Mungu akitaka, mmoja wa zamani na mmoja wa sasa, au mmoja mwepesi na mwingine mzito, unawaweka ulingoni kwa maneno, na kila mmoja anapata watu wa kumtetea. Wazee wengi waliokuwa na chai hapa walikuwa wamefanya kazi kwenye mashamba ya kampuni, na kule zamani kila kambi ilikuwa na ukumbi na ngumi za Jumamosi, kwa hiyo mabondia wa zamani hawakupungua. Wa sasa tuliwapata kwa redio. Mimi nilikuwa mwamuzi, ndiyo maana mpaka leo watu wazima wananiita Refa na wengine hawajui jina langu ni Kipng'eno. Nilipewa cheo hicho kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuvaa glavu, sekondari, nikapigwa raundi ya kwanza na kijana wa Litein, lakini angalau niliona mambo kwa karibu.

Nilikuwa na daftari. Nasema bila kujivunia, ingawa wakati ule nilijivunia sana. Ndani yake kulikuwa na mapambano zaidi ya mia, na kulikuwa na sheria niliyoitunga mwenyewe, sheria ya makato. Mnajua karani akipima majani hutoa uzito wa gunia, na kama mvua imenyesha hutoa na wa maji. Basi na mimi nilikuwa nafanya vivyo hivyo kwa mabondia, mzito yeyote wa siku hizi nilikuwa namtoa kilo tano za bia kabla sijamwingiza ulingoni, na wa zamani nilikuwa simtoi kitu kwa sababu walikuwa wanakula wimbi na maziwa lala. Watu wazima walikaa wakanisikiliza nikisema hayo, wakatingisha vichwa.

Kesi moja ilitushinda. Kasisi na Tingatinga. Kasisi alikuwa mchuna majani wa miaka ya sitini, kilo hamsini na moja, aliitwa hivyo kwa sababu kabla ya kengele alikuwa anapiga magoti kwenye kona yake. Tingatinga alikuwa mtu wa Sotik, wa siku zetu, kilo tisini na nane, na nikishamtoa bia anabaki tisini na tatu. Mtetezi wa Kasisi alikuwa Ombati, mtu wa upande wa Kisii aliyefanya kazi ya kampuni miaka mingi kisha akanunua kashamba jirani yetu. Mimi nilikuwa upande wa Tingatinga, jambo ambalo refa hatakiwi kulifanya, lakini nilishalifanya. Miezi sita nilitoa uamuzi uleule na miezi sita Ombati akakata rufaa.

"Huyo mtu yako mkubwa atamshika wapi?" Ombati alikuwa anasema. "Utashika inzi kwa jembe?"

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa Chebet. Chebet alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo juu, miaka miwili, kisha akahamishwa karibu na kwao Mulot, na alipohamishwa ndipo nilipojua kwamba nilikuwa napita njia ya shule kila siku bila kuwa na kazi upande huo. Nilimpenda, sina namna nyingine ya kusema. Tukaandikiana barua, tukaelewana, na mama akaenda kwao pamoja na baba yangu mdogo, Arap Rotich, kuuliza kwa mara ya kwanza kama mlango uko wazi. Mimi nilibaki nyumbani, kama ilivyo desturi, bwana harusi haendi safari ya kwanza. Mama alirudi akasema watu ni wazuri, wapole, wana ng'ombe na mahindi, na baba wa msichana ni mtu mfupi wa maneno machache aliyeuliza swali moja tu.

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, kijana wenu hufanya nini akiwa amekaa."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia unafanya kazi. Akasema, hiyo ni akiwa amesimama."

Mama na baba mdogo hawakupewa jibu, lakini waliambiwa warudi Jumamosi baada ya wiki mbili kwa koito yenyewe, kikao cha mahari, watu wakae, ng'ombe watajwe, mambo yaishe. Mimi niliposikia swali lile nilicheka. Nilifikiri ni maneno tu ya wazee.

Jumanne ya wiki ya koito nilichuna mapema, nikafikisha magunia mawili hapa, mama akabaki shambani kumalizia kikapu chake. Karani, Langat, alikuwa ameenda hotelini kunywa chai kwa sababu lori halikuwa na dalili. Kulikuwa na watu kama ishirini. Kwenye kona ya banda alikaa mzee mmoja mdogo wa mwili, koti refu, gamboti, kofia, fimbo ya kuchungia katikati ya magoti. Alinisalimu, chamgei, nikaitikia, akaniuliza kama namjua kijana mmoja wa hapa anayeitwa Kipng'eno.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi niliangalia ile fimbo, nikaangalia vumbi kwenye gamboti, nikasema huyu ni muuza ndama (walikuwa wanapita hapa mara nyingi, na ukishamwambia wewe ndiye fulani hakuachi mpaka jioni), na Ombati alikuwa ameshaanza kusimama kwa rufaa yake. Nikamwambia simjui vizuri.

"Watu wanasema ni mtu wa kazi," mzee akasema.

"Wanasema hivyo," nikamjibu, nikaenda kuamua ngumi.

Siku hiyo Ombati alikuja amejiandaa. Alisema Tingatinga atarusha ngumi thelathini hewani na raundi ya nne atakuwa anapumua kama trakta kweli, na Kasisi hata jasho hana. Watu wakaanza kumwelekea. Nikaona kesi inaniponyoka mbele ya kituo kizima, na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo. Nilisema tatizo la watu hapa ni kwamba wanataja kilo hamsini na moja bila kujua kilo hamsini na moja za mtu zinafananaje. Zikiwa majani mnazijua. Zikiwa mtu hamjawahi kuziona. Nikasema, mizani ndiyo hiyo, karani hayuko, wacha tuzione.

Nikatafuta mtu mdogo. Hakuna aliyekuwa mdogo kuliko yule mzee.

"Mzee, utatusaidia kidogo?" nikamwambia, tena kwa adabu, hiyo nitaitetea. "Tunataka kuonyesha watu jambo."

"Jambo gani?"

"Kilo."

Alifikiria. "Sijapimwa tangu nizaliwe," akasema, na akaniachia fimbo yake niishike.

Tulisogeza meza ya kuchambulia majani mpaka chini ya mizani. Mzee akapanda, tukamfungulia gunia la kiwanda, akaingia, akachuchumaa, magoti yakafika kidevuni, tukaning'iniza masikio manne ya gunia kwenye ndoano, na tukavuta meza. Akabaki hewani, kichwa na kofia juu ya mdomo wa gunia, mikono ameshika ukingo, anatuangalia. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye hamsini na tatu.

"Toa gunia na unyevu, mbili," nikasema.

Hamsini na moja kamili. Mzee mmoja pale, Arap Too, akasema polepole, "Pasi huyu ni Kasisi mwenyewe."

Kama ningeishia hapo, pengine ningekuwa na kitu cha kusema mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimepata hadhira ambayo sijawahi kuipata. Nikavua koti. Nikasema, sasa mimi ni Tingatinga, na nikaanza kumzunguka yule mzee nikirusha ngumi hewani, nikionyesha hapa ingempata, hapa ingempata, hapa anaanza kuona nyota, na nikamgusa gunia kwa kidole kimoja tu, kidole kimoja, likazunguka. Alizunguka mara mbili na nusu kwenda huku, gunia likasimama, akazunguka kurudi. Kila uso wake ulipopita mbele yangu ulikuwa vilevile, wa mtu anayesikiliza tangazo. Nikamwambia Ombati, mtazame mtu wako, raundi ya kwanza hata koti hajavua.

Hapo honi ikalia.

Kwa wageni nieleze. Lori likifika pale kona ya mteremko hupiga honi, na honi ikilia kila mtu hukimbilia magunia yake kuyaweka kwenye mstari, kwa sababu lori hujaa, na wa mwisho hurudi nyumbani na majani yaliyochomeka kwa joto ndani ya gunia. Hakuna anayefikiri. Ni miguu. Watu ishirini waligeuka kwa pamoja, wanawake wawili wakainua ile meza wakaenda nayo kuchambulia majani, na mimi nikakimbia na wengine, nikafika kwenye magunia yangu, nikayaburuta, nikapata nafasi ya tatu. Nilifurahi. Nilisimama pale na koti mkononi nikimwambia aliyekuwa nyuma yangu kwamba leo tutafika nyumbani mapema.

Langat akaja kutoka hotelini akifuta mdomo, akafungua kitabu chake, akainua macho kwenye mizani. Langat alikuwa mtu wa kutoshangaa.

"Nani ameacha mtu kwa mizani ya faktori?"

Kila mtu akaangalia mwenzake. Hata mimi, niliyekuwa wa tatu, nikaangalia nyuma kama mtu anayetaka kujua.

"Ni Kasisi," Ombati akasema, kwa sababu Ombati hakubali kushindwa.

Na mama yangu akatokea kwenye njia ya chini, kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anaangalia chini asiteleze. Alifika bandani, akainua kichwa, akasimama. Kwetu mtu akiwa karibu na watu anaotaka kuoana nao hurekebisha hata kanga, hurekebisha sauti, hapiti mbele yao anatafuna kitu. Mama aliweka kikapu chini taratibu. Akavuta kitambaa chake cha kichwa kikakaa sawa. Kisha akamwita kwa lile jina ambalo wazazi wa bwana na wazazi wa bibi huitana kwa heshima.

"Bamwai," akasema. "Unafanya nini huko juu?"

"Napimwa," mzee akajibu.

"Nani anakupima?"

"Sijui jina. Watu wanamwita Refa."

Mama hakuniangalia mara moja. Aliangalia mizani, akaangalia gunia, akaangalia mahali ambapo meza ilikuwa haipo, na mwisho akafika kwangu, koti mkononi, nafasi ya tatu.

"Huyo ndiye Kipng'eno," akasema.

Mzee alinitazama kutoka kwenye gunia, na gunia lilikuwa bado linazunguka kidogo, kwa hiyo ilibidi angoje lirudi.

"Aliniambia hamjui vizuri," akasema.

Nilienda kumshusha. Mama akasema, "Wewe usimguse," na sijawahi kumsikia akitumia sauti ile kabla ya hapo wala baada yake. Wakamwinua watu wanne, Ombati mmoja wao, wakamtoa miguu, akasimama, akakung'uta koti, akaomba fimbo yake (nilikuwa nimeiegemeza kwenye nguzo, ikaanguka kwenye matope nikikimbia, Langat akaipangusa). Alimshukuru Ombati. Mama akamwomba aende nyumbani anywe hata maziwa, yeye akasema kongoi, asante, siku nyingine. Alisimama kidogo akiangalia lile banda, watu, magunia, na daftari langu lililokuwa juu ya pipa, akasema, "Nimeona," akaanza kupanda mteremko kwenda barabarani.

Na majani yangu yalipimwa. Niliyapima. Hiyo sijawahi kumwambia mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilirudi kwenye mstari.

Mama hakusema na mimi siku mbili. Alhamisi ikaja karatasi ndogo kutoka kwa Chebet, imeletwa na mwalimu mwenzake. Aliandika, "Baba anasema watu wa Jumamosi wapumzike kwanza. Hasemi kwa nini, anaangalia tu ng'ombe. Ulimfanya nini?" Nilisoma ile karatasi shambani na nikakaa chini katikati ya mistari ya chai nisionekane. Nilijua wazee wakisema mtu apumzike hawamaanishi wiki moja. Niliogopa kumkosa, na nililia kidogo, na sioni haya ya hiyo, haya zangu zote zilikuwa zimeshatumika Jumanne.

"Utaenda mwenyewe," mama akasema jioni ile. "Kesho. Kabla ya Jumamosi kufika ikute hakuna kitu."

Baba mdogo Arap Rotich alikubali kunisindikiza kuwa msemaji. Ni mtu wa maneno mengi na mazuri, aliwahi kusema kwenye mazishi ya mtu ambaye hakumjua na watu wakalia. Ijumaa tulifika Mulot karibu saa tisa. Mzee, jina lake Arap Mosonik, alikuwa kwenye stoo yake akijaza mahindi, na katikati ya stoo, kutoka kwenye boriti, kulikuwa na mizani. Niliiona kabla sijamwona yeye.

Baba mdogo alisema. Alisema juu ya ujana, juu ya shetani, juu ya urafiki wa koo mbili tangu zamani ambao mimi nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza. Mzee aliendelea kumimina mahindi kwa debe mpaka gunia likajaa.

"Kijana anasemewa," akauliza, "au anaweza kusema?"

"Nilikosea, baba," nikasema.

"Ulikosea wapi?"

"Kukupima."

"Hapana. Kupimwa nilikubali. Nilikuwa nataka kujua kilo."

"Basi ni kukuzungusha."

"Hiyo haikuwa nzuri. Lakini siyo hiyo."

"Ni kusema sijijui."

"Hiyo nayo nilicheka nikifika barabarani. Siyo hiyo."

Sikujua, nawaambia kweli. Nilikuwa na makosa matatu na yote yamekataliwa, na la nne sikulijua. Baba mdogo akafungua mdomo na mzee akamwinulia mkono. Akatoa gunia tupu, akalikung'uta, akalifungua mdomo.

"Ingia," akasema. "Labda utakumbuka."

Niliingia. Ningefanya nini? Nilipanda juu ya magunia ya mahindi, wakaniweka kwenye ndoano, baba mdogo akashika upande mmoja na mzee upande mwingine, wakanisogeza nikaning'inia. Nawaambia, gunia ni kitu kingine ukiwa ndani. Magoti yanakula kifua, ndoano inalia juu ya kichwa, huwezi kujitoa, na watu wote wanakuwa wakubwa. Mzee hakusoma hata mshale. Sauti ikaita kutoka nyumbani kwamba chai iko tayari, akatoka, na baba mdogo akamfuata mlangoni, akabaki pale akiniangalia kwa huruma na akiangalia barabara kwa wasiwasi, kwa sababu gari la mwisho la kurudi Bomet lilikuwa linapita saa kumi.

Honi ikalia. Baba mdogo aliniangalia mara moja.

"Nitamwambia mama yako uko mzima," akasema, na nikasikia viatu vyake vikikimbia kwenye changarawe.

Hapo nikakumbuka.

Si kwamba nilifikiri. Nilikuwa nasikia tu vile viatu, na mimi niko juu, na nikajua mtu aliye ndani ya gunia anasikia nini watu ishirini wakigeuka kwa pamoja. Uso ukaniwaka moto hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuniona.

Mlango ukafunguka, akaingia Chebet, ametoka shule, vitabu vya wanafunzi kifuani. Alisimama. Alijaribu kutocheka, nilimwona, akashindwa, akaweka vitabu juu ya mahindi akacheka mpaka akajishika ukutani.

"Nani amekuweka huko?"

"Baba yako."

"Na wewe ulimweka wapi?"

"Mahali kama hapa."

Akaacha kucheka. Akaja karibu, akashika gunia lisizunguke. "Gari ndiyo inajaza watu pale barabarani," akasema. "Baba yako mdogo anaipigia kelele ikungoje. Nikushushe? Nikiita kaka yangu ni dakika moja."

"Hapana."

"Utalala hapa?"

"Aliyeniweka atanishusha. Acha gari iende."

Tukasikia gari likiondoka. Chebet bado alikuwa ameshika gunia. Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, ambako nilidhani ni nje kumbe kulikuwa na kibenchi, mtu akakohoa, na kikombe kikawekwa chini. Mzee akaingia.

"Umekumbuka?"

"Honi ililia nikakimbilia majani," nikasema. "Nikakuacha juu."

Akasogea, akasoma mshale, kwa utaratibu kabisa, amekunja macho.

"Sitini na saba," akamwambia Chebet. "Toa gunia." Akafikiria. "Maji sijui. Hayo utayajua wewe. Mshushe tunywe chai."

Koito ilifanyika wiki mbili baadaye na hakuna aliyetaja gunia, isipokuwa baba mdogo, ambaye tayari alikuwa na habari yake ambayo ndani yake ni yeye aliyenitetea mpaka mwisho. Daftari nilimpa Ombati. Sijaamua ngumi tena tangu siku ile, na honi ikilia, mnaniona wenyewe, mimi huwa wa mwisho kufika kwenye mstari, kwa sababu kwanza naangalia banda zima kama kuna mtu.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Miaka kadhaa baadaye baba mkwe alikuja kutusalimu, tukakaa hapa wawili tukingoja lori, na akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kabla ya kurudi Mulot alichuna majani ya kampuni miaka sita, na kwamba kambi yake na ya Kasisi ilikuwa moja, na Jumamosi yeye ndiye aliyemshikia taulo. Nikamuuliza. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza Kasisi na Tingatinga nani angeshinda. Akanijibu, na akaniambia na raundi, na sababu, na nikaona mara moja kwamba ni kweli na kwamba mimi na Ombati tulipoteza miezi yetu sita bure.

Ombati ananiuliza mpaka leo, na hivi sasa naona na nyinyi mnanitazama. Sitasema. Nikitaja jina moja tu mtaanza, na lori liko karibu kufika.